Sauti ya Zizini

Daphine Nabwire alikuwa fundi wa simu katika mtaa wa Sofia, Busia ya upande wa Uganda, lakini waliomjua kwa ufundi huo walikuwa wachache kuliko waliomjua kwa mdomo wake. Kwa miaka minne alikuwa na chaneli ya kuhakiki magemu kwa Kiswahili. Alitumia laini ya Kenya kwa sababu intaneti yake ilikuwa na kasi zaidi, na watu wa Eldoret, Mwanza, Mombasa na hata Bujumbura walimsikiliza kwanza kabla ya kununua chochote. Akisema gemu ni nzuri, marafiki walichangiana wakainunua. Akisema ni mbovu, basi hiyo imezikwa.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mambo hayakuwa yakimwendea vizuri. Video zake tatu mfululizo zilikuwa zimeanguka. Moja kati ya hizo alikuwa ameifanyia kazi wiki mbili nzima, akaeleza gemu kwa utulivu na kwa haki, na ikatazamwa na watu wasiofika elfu mbili. Chini yake mtu mmoja aliandika: "Siku hizi Daphine amekuwa mwalimu. Turudishie yule wa kuchekesha." Maneno hayo yalimchoma kuliko alivyopenda kukubali.

Ndipo barua pepe ya Geoffrey Owori ilipoingia. Daphine alikuwa amekutana na Geoffrey mara moja tu, kwenye mkutano wa watu wa kompyuta mjini Tororo, kijana mrefu asiyesema sana ambaye alikaa nyuma na kuandika kila kitu. Sasa alikuwa anamwambia kwamba yeye na mwenzake Apolot, aliyechora picha zote, wamemaliza gemu yao baada ya miaka mitano. Iliitwa *Kwato na Vumbi*. Ilikuwa gemu ya kikauboi: nchi ya kubuni, nyasi na mawe mpaka upeo wa macho, farasi, bunduki, wezi wa ng'ombe. Humo mchezaji halazimishwi kufuata njia moja. Anapanda farasi wake na kwenda anakotaka.

Daphine aliisoma barua hiyo kwa simu akiwa Masinya, nyumbani kwa mama yake, ameketi juu ya gunia la karanga. Aliisoma mpaka mwisho. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulikwepa. Katika sehemu ya mwisho Geoffrey alieleza kwamba mzee wa zizini, yule anayempokea mchezaji na kumsimulia habari za nchi ile, ni baba yake mzazi. Kwamba alipatwa na kiharusi wakiwa katikati ya kurekodi. Na kwamba waliamua kuiacha sauti yake kama ilivyokuwa.

Siku ya pili alikaa na kuicheza ile gemu. Makosa yalikuwapo, hilo ni kweli. Farasi aliweza kuingia mwambani akabaki mkia tu umening'inia nje. Lakini Daphine alifuata kundi la ng'ombe kwa saa mbili bila kutimiza kazi yoyote aliyopewa, akitazama tu namna vumbi lilivyoinuka nyuma yao na namna kivuli cha wingu kilivyopita juu ya nyasi. Hakukumbuka mara ya mwisho gemu ilipomfanyia hivyo. Halafu akafika zizini, akashuka, na mzee akaanza kusema. Sauti ilikuwa nzito, inaburuta, maneno yanaanguka kabla hayajakamilika. Alijua ni sauti ya nani na alijua kwa nini iko hivyo. Na bado, akiwa anaisikiliza, alikisikia kicheko. Hakikuwa chake. Kilikuwa kicheko cha watu wake, wale waliokuwa wanamtoroka, na alijua hasa ni neno gani lingekianzisha.

Siku ya tatu, Jumapili mchana, akarekodi. Zile saa mbili za kufuata ng'ombe hakuzitaja. Alionyesha farasi aliyekwama mwambani, akacheka. Kisha akafika zizini.

"Jamani," alisema mbele ya kamera, "huyu mzee ameweka kiazi cha moto mdomoni, ama anatuongelesha akiwa ndani ya mtungi?"

Akaukunja mdomo wake upande wa kushoto, akalegeza ulimi, akamwigiza. Dakika nzima. Alikuwa na kipaji cha kuigiza, na siku hiyo alikitumia chote.

Mpaka Alhamisi video ilikuwa imetazamwa na watu laki tatu. Ile dakika moja ilikatwa, ikatumwa huku na huku, ikawekewa muziki. Wabadilisha fedha pale mpakani walikuwa wanasalimiana kwa sauti ile. Mawakala wa forodha waliitana hivyo kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Wahakiki wengine nao wakafuata. Ukurasa mmoja wa Nairobi uliipa gemu alama tatu kwa kumi, na Daphine aliposoma maneno yao aliona kwamba hawakuicheza. Walikuwa wameyachukua kinywani mwake, hata farasi walimtaja kwa mpangilio uleule. Katika wiki ya kwanza, kama alivyokuja kujua baadaye, *Kwato na Vumbi* ilinunuliwa na watu arobaini na mmoja, na wengi wao walikuwa jamaa za Geoffrey na Apolot.

Ijumaa ujumbe wa Geoffrey ukaingia. "Dada Daphine, hukuipata ile barua yangu?"

Alikuwa dukani, ana simu ya mteja imefunguliwa mbele yake, parafujo zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Akaandika haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto: "Samahani sana, kaka. Iliingia kwenye takataka. Sikuiona kabisa. Kuna nini?"

Geoffrey akaeleza upya, kwa maneno machache. Mwishoni akaandika: "Nilidhani hivyo. Najua usingefanya vile kama ungejua."

Daphine aliusoma mstari huo mara nyingi siku ile. Alimpigia simu akaomba radhi, akasema ataiondoa video. Geoffrey akamwambia aiache, maana imekwisha kusambaa na kuiondoa hakutasaidia kitu. Daphine, Mungu amsamehe, alifurahi kuambiwa hivyo. Aliiacha.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea. Watu walianza kuinunua gemu ili wamsikie mzee kwa masikio yao wenyewe. Waliingia kwa kucheka, wakaenda moja kwa moja mpaka zizini, wakacheka. Kisha kwa kuwa farasi wapo na nchi ni kubwa, wakaendelea mbele kidogo waone kuna nini. Wengi hawakurudi haraka. Mwezi wa saba ulipokuwa unakwisha, nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita ndoto za Geoffrey na Apolot. Mhakiki mmoja wa ng'ambo aliandika makala ndefu, akasema kwamba sauti ya mzee wa zizini ndiyo moyo wa kazi nzima, kwamba unaanza kwa kuicheka na unaishia kujionea haya. Kwenye shindano moja mjini Nairobi gemu ikapewa tuzo ya sauti bora. Ule ukurasa uliotoa alama tatu ukaandika uhakiki mpya, ukatoa tisa, na haukusema lolote kuhusu ule wa kwanza.

Geoffrey akamwandikia tena. "Tunafanya sherehe ndogo nyumbani Iyolwa Jumamosi. Wewe ni mgeni wetu. Bila wewe hakuna ambaye angetujua."

Daphine alitafuta udhuru siku tatu nzima, na kila alioupata ulikuwa uongo, na uongo mmoja alikuwa nao tayari. Akaenda.

Mama Prossy, mama yake Geoffrey, alimlaki tangu kwenye njia ya shamba la muhogo, akamkumbatia kama binti aliyerudi kutoka safari. Mzee Hudson Owori alikuwa barazani, amevaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alimpa mkono wa kushoto. Daphine akamsalimia, "Shikamoo, mzee," naye akainamisha kichwa tu.

Jikoni, wakati ugali wa wimbi unasongwa, Prossy akamweleza. Mume wake alikuwa mnadi wa ng'ombe kwa miaka thelathini. Siku ya mnada sauti yake ilifika mpaka kwa waliokaa nyumbani, wakajua dume la fulani limepata bei. Kiharusi kilipompiga, muuguzi aliwaambia lazima aongee kila siku, la sivyo ulimi utasahau kazi yake.

"Basi Geoffrey nakuja na ile maiki yake," Prossy alisema kwa Kiswahili chake cha Iyolwa. "Kila jioni mzee naongea. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Pasaka alisoma somo kanisani. Ilichukua nusu saa, na watu walingoja."

"Na sasa?"

Prossy akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Sasa, ilipokuja hiyo mambo ya mwezi wa tano, alipita pale senta, penye maduka. Walevi walikuwa wamekaa. Wakakunja midomo. Akarudi, akakaa pale unapomwona. Tangu siku hiyo haongei. Muuguzi alikuja juzi, akasema upande uliopooza umeanza kukaza tena."

Daphine alikuwa ameshika bakuli la mchuzi wa karanga. Hakuona pa kuliweka.

"Si wewe, mwanangu," Prossy akasema, akamgusa bega. "Wewe hukujua. Geoffrey alituambia. Mimi nimekuombea, ili usijilaumu."

"Asante, mama," Daphine alisema.

Hayo ndiyo maneno yote aliyoyapata. Baadaye alikuja kuyachukia kuliko yale ya kwenye video.

Alikula, akaongezewa, akala tena. "Kula, mwanangu, wewe nakula kidogo sana," Prossy alisema, na Daphine akameza samaki wa moshi kama mtu anayemeza vidonge. Apolot alisimama akashukuru kwa Kiateso na kwa Kiswahili. Kisha Geoffrey akasimama, akasema mbele ya majirani wote kwamba wakati mwingine Mungu hupitisha baraka mahali pabaya, na akamtaja Daphine kwa jina. Watu wakapiga makofi. Mzee Hudson hakupiga, mkono wake wa kulia haukuweza, alimtazama tu. Daphine akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Alipoondoka, Prossy alimsindikiza mpaka barabarani, akampa kuku na kilo mbili za karanga.

Baada ya hapo kazi ikamshinda. Alitia risasi ya kuunganishia waya mahali pasipotakiwa, akaunguza simu mbili katika wiki moja. Kurekodi hakuweza, kila alipoiwasha kamera na kufungua mdomo, alihisi upande wa kushoto unataka kukunjika wenyewe. Wafuasi walikuwa wanaongezeka na wote walitaka kitu kimoja: mzee tena. Siku moja alifungua sanduku la barua kwa nia ya kuifuta ile barua ya Geoffrey. Ilikuwa pale, na alama ndogo inayoonyesha kwamba imefunguliwa, na tarehe. Kidole kilikaa juu ya kitufe. Hakukibonyeza.

Mwisho alimwambia Annet, aliyeuza vifuniko vya simu kwenye meza ya jirani na aliyekuwa rafiki yake tangu shule.

Annet alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Usiende kusema. Utawaumiza mara ya pili. Wamekwisha kukusamehe."

"Wamemsamehe mtu mwingine," Daphine alisema. "Yule ambaye hakuisoma barua. Mimi simjui huyo."

"Na ukisema, nani atafaidika? Wewe tu. Utapumua, nao watabaki na mzigo."

Lakini Jumatano alifunga duka saa nne asubuhi akaenda Iyolwa bila kumwarifu mtu.

Aliwakuta watatu. Mzee barazani, Prossy anachambua maharagwe kwenye ungo, Geoffrey anatoka chumbani mwake pale alipomsikia akibisha hodi. Walifurahi kumwona, na furaha hiyo ilikaribia kumrudisha alikotoka. Prossy aliinuka kuleta kiti. Daphine akasema hapana, akaketi kwenye mkeka.

"Nimekuja kusema kitu," alianza. "Nilisema barua iliingia kwenye takataka. Haikuingia. Niliisoma. Yote."

Geoffrey alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilichelewa kuondoka. "Lini?"

"Siku mbili kabla ya kurekodi."

"Kwa hiyo ulipokuwa unakunja mdomo," Geoffrey alisema polepole, "ulikuwa unajua ni baba."

"Nilijua."

"Na kwamba anaumwa."

"Nilijua. Nilijua na nilipenda gemu yako, Geoffrey. Nilikaa saa mbili nikifuata ng'ombe. Hilo nalo nililificha. Nilitaka watu warudi kunitazama, basi."

Geoffrey alishuka barazani, akaenda mpaka kwenye ua wa mbuzi, akasimama huko, amewapa mgongo. Prossy aliendelea kuchambua, ila Daphine aliona kwamba maharagwe mazuri na mabovu yalikuwa yanaangukia upande mmoja.

"Mimi nilikuombea," Prossy alisema, bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama."

Kisha mzee Hudson akakohoa, akalisafisha koo lake, akakohoa tena. Prossy alisimamisha mikono.

"Ba-rua," mzee alisema. Neno lilitoka zito, lenye kutu. "I-soma."

Daphine hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa kwamba mzee hajawahi kujua mwanawe aliandika nini juu yake. Akatoa simu, akaifungua ile barua aliyoshindwa kuifuta, akaanza kusoma kwa sauti, tangu salamu, farasi na nyasi, miaka mitano, picha za Apolot. Alipofika mwisho alipunguza mwendo, akasoma kila neno.

"'Mzee wa zizini ni baba yangu. Tulipoanza kurekodi alikuwa mnadi, na sauti yake ilikuwa ile ya mnadani. Kisha kiharusi kikampata. Watu walinishauri nitafute mtu mwingine, au nitumie zile za mwanzo peke yake. Nilizisikiliza zote mbili. Ile ya mnadani ni nzuri, lakini ni ya mtu anayeuza ng'ombe. Hii ya sasa ni ya mtu aliyewapoteza. Nimeichagua hii. Si kwa huruma. Hakuna mtu hapa duniani ambaye angeweza kuitoa isipokuwa yeye, na akiitoa huwa anachoka mpaka jasho linamtoka. Naomba unapoihakiki useme ukweli juu ya kila kitu kingine, hata kama ni mbaya. Juu ya sauti hii nakuomba tu uisikilize mpaka mwisho.'"

Alipomaliza, Geoffrey alikuwa amegeuka kule uani, lakini hakusogea.

Mzee aliketi akitazama mikono yake. Kisha akamwambia Prossy kitu kwa Kidhopadhola, lugha yao ya nyumbani, sentensi ndefu, iliyokatikakatika, na Prossy akaziba mdomo kwa kanga kwa sababu ilikuwa miezi minne hajasikia sentensi nzima kutoka kwake. Daphine hakuelewa hata neno moja, na hakuthubutu kuomba kutafsiriwa. Baada ya hapo mzee akamgeukia yeye.

"Nenda," alisema kwa Kiswahili. "Mvua... inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu hata moja. Daphine akainuka, akaaga kwa kupiga goti. Hakuna aliyemsindikiza. Alipita karibu na ua wa mbuzi akasema, "Geoffrey," naye akajibu, "Safari njema," kama anavyojibiwa muuza sabuni.

Wiki hiyohiyo aliiondoa video, akaweka nyingine ya dakika sita. Alisimulia yote, barua, uongo wake, saa mbili alizozificha. Jina la mzee hakulitaja. Baadhi walimpa pole. Wengi zaidi walisema anatafuta kuonewa huruma, na mmoja akaandika, "Tungojee sehemu ya pili akilia." Wafuasi elfu kumi na tisa waliondoka. Ile dakika moja haikuondoka. Ilikuwa na nyumba elfu nyingine za kuishi.

Prossy alipiga simu mwezi wa kumi na moja, mara moja tu.

"Anaongea," alisema. "Nyumbani tu. Kanisani bado, na senta hapiti. Muuguzi nasema tuendelee hivyohivyo."

"Nashukuru umeniambia, mama."

"Sikupigii kwa sababu tumesahau."

"Najua."

"Basi. Nilitaka ujue anaongea." Akakata.

Geoffrey hakuandika tena. Daphine alisikia kwa watu kwamba yeye na Apolot wameanza gemu nyingine, na kwamba safari hii wanatuma nakala za kuhakikiwa kwa kila mtu isipokuwa yeye. Aliona ni haki.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja mteja dukani, dereva wa lori kutoka upande wa Kenya, mtu mcheshi, anangoja foleni ya kuvuka ipungue. Skrini yake ilikuwa na ufa. Daphine alipomaliza kuibadilisha akamrudishia aijaribu, na dereva akabonyeza kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Sauti ikajaa dukani: kiazi cha moto, mtungi, na kicheko.

"Umewahi kuiona hii?" dereva aliuliza, tayari anacheka. "Manze, huyu dem aliniua. Nikiwa na stress barabarani naicheza tu."

Annet, kwenye meza ya jirani, aliacha kupanga vifuniko vyake.

"Nimeiona," Daphine alisema. "Ni mimi."

Dereva akatazama simu, akamtazama yeye, akatazama simu tena. Uso wake ukang'aa. "Wacha. Ni wewe kweli? Basi fanya hiyo sauti kidogo, nirekodi niwaonyeshe wenzangu."

"Sifanyi tena."

"Kidogo tu, dada. Nani ataumia?"

Daphine alimweleza. Alianza na mzee Hudson na mnada, akaeleza kiharusi, barua, kila kitu, akiwa amesimama na bisibisi mkononi. Dereva alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa mahali panapostahili, akasema pole. Kisha akalipa, akaiweka simu mfukoni na kutoka. Alikuwa hajafika kwenye lori lake waliposikia kicheko chake, na ile sauti ikianza tena tangu mwanzo.